Pikipiki ya Mwoga

Mwezi uliopita tulikutana Kitengela, sisi manesi tuliofanya kazi pamoja Kajiado tukiwa bado wasichana, kumwandalia chakula matroni wetu anayestaafu. Tulikuwa tumeunganisha meza mbili kwenye ukumbi wa juu wa hoteli, pilau iko, mbuzi iko, soda zinatoka jasho, na kila mtu anamwambia mwenzake hajazeeka, uongo mtupu. Katikati ya gumzo matroni akaninyooshea kijiko. "Huyu," akasema, "huyu alikuwa anamwuliza mgonjwa pikipiki ilikatika wapi kabla hata ya kumwuliza jina!" Meza nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao. Wenzangu wanakumbuka mzaha. Mimi nakumbuka mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, ambao niliumaliza nikiwa na hofu tangu Januari mpaka Desemba, na sidhani kama kuna hata mmoja pale mezani aliyejua kwamba maswali yale sikuwa nikiyauliza kwa ajili ya wagonjwa.

Nilikuwa nikiuliza kwa ajili ya Lemayian, mume wangu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kitengela, vyumba vya mabati ambavyo mchana vilitukaanga na jioni vilijaa vumbi la malori yanayoelekea Namanga. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala; kingine kilikuwa jikoni, sebule, na ofisi ya mume wangu ya kusahihisha mitihani ya baiolojia. Siku moja nilikuwa nasonga ugali, yeye yuko chumbani na simu ameiweka sauti ya juu kwa sababu spika ya sikioni iliharibika, nikasikia: "Pakiteng, hiyo pikipiki ya motokrosi usimpe mtu. Mimi naichukua." Sauti ya upande wa pili ikacheka. "Na mke wako? Hao watu wa kwao Bungoma huogopa sana." "Nitamwambia polepole." Nilisimama na mwiko mkononi ugali ukaungua chini. Nilimjua huyo wa upande wa pili. Alikuwa Sankale, mfugaji wa ng'ombe huko mbele ya Kajiado, rafiki wa Lemayian tangu walipotahiriwa pamoja. Sankale alimpa mume wangu ng'ombe jike wakiwa bado vijana, na kwa desturi yao, watu ambao ng'ombe amepita kati yao huacha kuitana majina. Wanaitana Pakiteng, mpaka kufa. Na watu wanaoitana hivyo hawachunguzani. Neno la mmoja linamtosha mwingine.

Sasa hebu fikiria mimi nilikuwa nafanya kazi wapi. Kasualti, chumba cha dharura. Kila siku ya Mungu waliletwa vijana wa pikipiki, mwingine mguu umegeukia nyuma, mwingine anaita mama yake ambaye yuko mbali. Kimaasai changu chote kilikuwa cha wodini: unaumwa wapi, lala, geuka, usiogope. Hilo la usiogope nililitamka mara nyingi mpaka likapoteza maana mdomoni mwangu. Halafu nirudi nyumbani, nipakue mboga, na mume wangu aniambie kwa furaha ya mtoto kwamba anataka pikipiki ya kurukia matuta Jumamosi, si ya kazi, si ya abiria, ya kujifurahisha tu huko uwandani. "Haiendi barabarani, mama," akaniambia. "Haina taa wala namba. Hakuna lori litanigonga." Kana kwamba ardhi haigongi! Nililia, nikanuna, nikamnyima maneno, na yeye akawa mpole zaidi na zaidi, na upole wake ndio ulioniogopesha kwa sababu niliona ameshaamua. Mwishowe nilimwambia, sawa. Lakini nitaichagua mimi. Alidhani natania.

Sikuwa natania hata kidogo. Kesho yake kazini nilianza kuuliza. Nikiwa nafunga bendeji, nikiwa nachoma sindano: ilikuwaje, nini kilikatika, nini kilikwama? Kijana mmoja aliyepoteza meno ya mbele aliniambia waya wa kuongezea moto uliganda kwa vumbi, akauachia mkono lakini pikipiki ikaendelea kukimbia. Mwingine alisema spoku za gurudumu zilikuwa zimelegea, na tangu hapo nikajua kuzigonga kwa kijiko moja moja. Iliyokaza inalia, iliyolegea inanyamaza. Mzee mmoja, fundi aliyejiangusha mwenyewe akijaribu pikipiki ya mteja, alinieleza huku nikimsafisha goti kwamba adui wa pikipiki huku kwetu ni vumbi: fungua sanduku la chujio la hewa, pitisha kidole nyuma ya chujio, kidole kikitoka na vumbi jua injini imekula mchanga. Akanifundisha pia kuishika injini kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ina moto, kuna mtu ameiamsha mapema ili usijue inavyosumbua ikiwa baridi. Na usimnunulie mtu wa Jumamosi ile ya mashindano kabisa, akasema, zile injini zina hasira, zinataka kufunguliwa kila wakati. Mtafutie ya upole. Nilikuwa nikilala na mambo hayo kichwani. Wake wengine waliokuwa wameolewa mwaka ule waliota watoto. Mimi niliota cheni.

Tulienda kwa Sankale Jumapili moja baada ya kanisa. Tulipewa chai ya maziwa matupu na nyama ya kuchemsha, mama yake akaniwekea mkono kichwani nilipoinama kumsalimu, na wanawake wa boma wakakaa mlangoni kwa jiko wakinitazama nilivyokula. Nilikuwa sijapata kuogopa vile ugenini. Sankale alikuwa mtu mrefu, mcheshi, ambaye akiongea hata mbwa wanamsikiliza. "Shemeji!" akapaza sauti. "Kuja uone ng'ombe ya chuma!" Ilikuwa imeegemezwa kwenye ua, nyekundu, imeoshwa ikang'aa. Nikaweka kiganja kwenye injini. Moto. "Mbona iko moto?" nikamwuliza. "Nilikuwa nawapokea na mlio," akasema, na nafikiri alisema kweli, maana Sankale hakuwa mtu wa hila. Nikagonga spoku. Nikapitisha kidole kwenye chujio, safi. Lemayian alikuwa amesimama nyuma yangu anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na nilisikia aibu yake bila kumtazama. Mmoja wa wale wanawake akasema kwa Kiswahili, makusudi nisikie, "Huyu alipoolewa lazima alimfungua Lemayian mdomo kwanza ahesabu meno." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Nilitaka kuacha. Kweli nilitaka kusema iko sawa, nikarudi kwenye kikombe changu. Lakini mkono ulikuwa umeshafika kwenye shingo ya fremu, pale chuma kinaposhika usukani, na rangi ya pale ilikuwa mpya kuliko mahali pengine, na chini ya rangi kidole changu kikakutana na kijituta chembamba, kama kovu la mshono. Makovu nayajua. "Hapa pamechomelewa," nikasema. Sankale akainama, akatazama, akainuka. "Nani amesema?" "Kidole changu, shemeji. Fremu ilivunjika hapa, wakachomelea, wakapaka rangi." "Mtu wa Embulbul aliyeniuzia aliniambia haijawahi anguka. Na mimi nimeipanda tangu mvua iishe." Sauti yake haikuwa ya hasira bado, ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi kwake mwenyewe, mbele ya mama yake. Lemayian akasogea katikati yetu. "Basi, imetosha. Pakiteng ameshasema iko sawa." Akachukua helmeti kwenye usukani.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Ukipanda hiyo kitu mimi narudi Bungoma leo," nikasema, "na usinifuate." Lemayian akairudisha helmeti kwenye usukani taratibu, na nikaona kwamba nimemwokoa na nimemvua nguo kwa wakati mmoja. Sankale akatabasamu, tabasamu baya, la uchungu. "Hakuna shida, shemeji. Haiuzwi tena. Nitaipanda mwenyewe, kila wiki, nyote mkiona, ndio mjue mimi sikutaka kumpa Pakiteng wangu takataka." Akaipiga kiki hapo hapo akaondoka nayo uwandani, na sisi tukabaki tumesimama na vikombe mikononi.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na ukimya ambao siutamani tena. Tulikula, tuliosha vyombo, alinisaidia hata kuchota maji, lakini hakunitazama. Jioni moja nilimsikia akiongea na mwalimu mwenzake nje kwa dirisha: "Unajua mimi sina ndugu wa kiume. Niko na yule tu." Nikakaa kitandani nikajiuliza kama nimebadilisha hofu moja na nyingine, kwanza niliogopa ataniacha mjane, sasa naogopa ataniacha tu. Halafu Jumamosi moja asubuhi, nikijiandaa kwenda zamu, akavaa shati safi akasema anaenda kwa Sankale kuomba msamaha. "Utaipanda?" nikamwuliza. Akafunga vifungo vyote kabla ya kujibu. "Naenda kuongea," akasema. Hilo halikuwa jibu, na sote wawili tulijua.

Mchana ule kasualti ilikuwa imetulia. Tulikuwa tumeagiza chapati na maharagwe, tunakula kwa zamu, mlinzi anasikiliza redio. Nikasikia pikapu inapiga honi tangu getini, na honi ya aina ile nesi anaijua. Nilitoka mbio na tonge mdomoni. Nyuma ya pikapu alikuwa amelazwa mtu mrefu, helmeti bado kichwani, amepakwa vumbi jeupe mwili mzima mpaka hujui nguo ni rangi gani. Paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi. Sikuweza kumtambua. Walikuwa na kimo kimoja, Lemayian na Sankale, na mabega mamoja, na vumbi lilikuwa limewafanya wote kuwa mtu mmoja. Watu wanapiga kelele kwa Kimaasai, mimi masikio yameziba. Nilishika ubavu wa gari, na mdomo ukasema wenyewe lile swali nililokuwa nikiwauliza wote: "Nini kilikatika?" Ndani ya helmeti mtu akanong'ona, "Pale uliposhika, shemeji."

Shemeji! Neno hilo likaniingia kama maji ya kunywa. Nilifurahi. Mungu anajua, kwa pumzi moja nilifurahi, huku mtu anavuja damu mbele yangu. Ndipo nikamwona Lemayian, ambaye alikuwa pale muda wote, amepiga magoti kwenye pikapu ameushika mguu wa rafiki yake kwa mikono miwili usicheze, mweupe kwa vumbi kama yeye, machozi yamemchora mistari usoni. Tulimshusha. Tulifanya tunachofanya. Baadaye, kwenye korido, Lemayian alikaa sakafuni akaegemea ukuta na akaniambia bila kuniangalia, "Tulikuwa tumepatana. Alisema ataruka tuta mara moja anionyeshe, halafu ashuke, nipande mimi." Akajifuta uso. "Usukani ulibaki mikononi mwake. Gurudumu likaenda peke yake." Nilikaa chini karibu naye na sare yangu nyeupe mpaka matroni aliponikuta akanifukuza niende nyumbani.

Mama yake Sankale alifika siku iliyofuata na wale wanawake wa jikoni. Niliwaona wakiingia wodini na shuka zao na chupa ya chai, na nikajificha kwenye chumba cha dawa, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimesikia wafagiaji wakisema kuna maneno, kwamba mdomo wa yule nesi ndio uliovunja kile chuma, kwamba kuna watu wakitaja jambo linakuja. Nilihesabu vidonge ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Mama akanikuta hapo hapo. Hakuwa na Kiswahili kingi. "Wewe uliona," akasema. "Niliona, Yeyo." Nikamwita mama kwa lugha yake. Akanitazama nikadhani sasa ananilaani. "Kijana yangu hasikii mtu wa kuongea polepole," akasema. "Siku ingine mpigie kelele." Halafu akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akasimama pale mpaka nikaimaliza.

Hofu yangu ingeishia hapo, kama watu wangekuwa na akili. Lakini mwaka ukiwa unaelekea kwisha, Sankale akaja Kitengela kwetu na mkongojo mmoja, akala ugali wangu na omena, vile visamaki vya ziwani, bila kulalamika, ambayo kwa Mmaasai asiyezoea samaki ni heshima kubwa, akanawa mikono, akasema, "Shemeji, nichagulie nyingine." Nilidhani homa imempanda. "Wewe una wazimu," nikamwambia. "Mguu haujakauka!" "Utakauka. Na ukikauka nitanunua, unajua nitanunua. Nikienda mwenyewe mtu ataniambia haijaanguka, na mimi nitaamini, kwa sababu mimi huamini watu. Wewe huamini mtu." Alisema hivyo kwa sifa kabisa. Lemayian alikuwa anatazama sahani yake. Na mimi nikaona shimo lililofunguka mbele yangu. Kukataa pikipiki ni rahisi, ukikosea hakuna anayekufa. Lakini kusema hii ni nzuri, panda? Kusema neno hilo halafu usikie honi getini?

Tulizunguka mno. Niliikataa moja ya Ngong iliyotoa moshi wa buluu, nikakataa nyingine ambayo meno ya gurudumu la cheni yalikuwa yamechongoka, nyingine gurudumu la nyuma lilicheza nilipolitikisa, nyingine muuzaji alikuwa ameshaiwasha tulipofika na sikushuka hata kwa gari. Ndipo nikatambua kitu kuhusu kile nilichokuwa nikitafuta. Sikuwa natafuta pikipiki iliyotunzwa na shujaa. Shujaa huitumia mpaka iite mama. Nilikuwa natafuta pikipiki ya mwoga. Tuliipata Laiser Hill, kwenye gereji safi ya mzee mmoja mnene, karani wa benki, imefunikwa shuka la kitanda lenye maua. "Madam," akaniambia akiwa amenivuta pembeni, wale wanaume wasisikie, "niliinunua nikiwa na nia. Nilipanda mara chache pale uwanjani. Ukweli nikwambie, niliogopa." Nilitamani kumkumbatia. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Tairi bado zina vinyweleo vya kiwandani. Rangi ya vikanyagio haijachubuka. Shingo ya fremu niliipapasa kwa kidole, halafu kwa ukucha, halafu nikafumba macho nikaipapasa tena. Hakuna kovu. Kiki ya pili, ikawaka, ikatulia. Wanaume watatu wakanitazama. Nikasema, "Hii," na ulimi wangu ulikuwa mzito kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Ilienda kwa Sankale ikakaa chini ya shuka lile lile la maua mpaka daktari alipomruhusu. Siku yenyewe tulienda uwandani mbele ya Kajiado, asubuhi, jua bado jepesi, nyasi fupi, pundamilia wako kwa mbali hawana habari na sisi. Nilikuwa nimebeba mkoba mzima wa bendeji na sikuona haya. Sankale akapanda, akaenda polepole, akazunguka, akaruka tuta moja dogo, kila gurudumu likatua mahali pake, akarudi. Alikuwa na jasho jingi kuliko safari yenyewe ilivyostahili. Akashuka akichechemea, akavua helmeti, akamnyooshea Lemayian bila neno. Lemayian akaishika. Mwaka mzima alikuwa akiniambia: nanunua, naenda, usijali. Siku ile akanigeukia na helmeti mikononi, mtu mzima, mwalimu, mbele ya rafiki yake, akaniuliza, "Niende?"

Nilikuwa na hapana yangu tayari. Nilikuwa nimeilea tangu ugali ulipoungua, nilikuwa nayo kwa Kiswahili, kwa Kibukusu na kwa machozi. Nikafungua mdomo niitoe. "Nenda," nikasema. "Halafu urudi." Akaenda. Mlio ukapanda, ukapungua, vumbi likamfunika nisimwone. Sankale alisimama karibu nami na mguu wake mbaya.

"Unaogopa, shemeji?"

"Naogopa sana."

Alikuwa bado anatazama kule kwenye vumbi. "Na mimi," akasema, na nikasikia meno yake yakigongana.